Lifti ya nguzo mbili nyumbani Dodoma: zege kwanza, mashine baadaye

Spana17

Wakuu, habari za jioni.

Kule kwenye uzi wa busha za Prado niliahidi kuandika kuhusu lifti ya kunyanyulia magari niliyofunga nyumbani. Imesimama, imeshabeba magari ya kutosha, sasa naweza kuongea. Nipo Nzuguni, banda liko nyuma ya nyumba, si gereji ya biashara. Ni kwa magari ya hapa nyumbani na ya ndugu na majirani waliochoka kulala kwenye maboksi chini ya gari.

Kila anayefika swali lake la kwanza ni "umenunua wapi na shilingi ngapi?" Naona tunaanzia mkiani. Lifti hizi, ukizipanga kumi, mambo ni yaleyale: nguzo mbili, silinda mbili, mikono minne, nyaya za kusawazisha ili pande zote zipande pamoja, na pampu moja ya haidroliki. Kinachoamua kama gari litabaki juu ni zege lililo chini na bolti zilizomo ndani yake. Lifti ya nguzo nne inajisimamia yenyewe. Ya nguzo mbili inashikiliwa na sakafu, basi. Kwa hiyo pesa ya kwanza niliipeleka kwenye sakafu, na mashine ikaja ikakuta banda lipo tayari.

Ardhi. Dodoma hii mtaa mmoja unaweza kuwa na udongo wa aina mbili: kichanga chekundu ambacho ukikishindilia kinatulia, na ule mweusi wa mbugani unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi mpaka kiganja kinaingia kwenye ufa. Wenye nyumba kwenye ule mweusi mnajua kuta zinavyochanika juu ya madirisha. Kwangu ni kichanga. Nilitoa tabaka la juu lote, nikajaza moramu, nikashindilia kwa mashine ya kukodi, si kwa gogo. Mwenye udongo mweusi aite mhandisi amchoree msingi, mimi hapo sitoi kipimo.

Sasa zege. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la nyumba zetu nyingi ni inchi tatu, ukibahatika nne, kwa uwiano anaoujua fundi na koleo lake. Vitabu vingi vya lifti za tani nne vinataka angalau inchi nne za zege lenye nguvu ya megapaskali 21 hivi, vingine vinakwenda sentimita 15 hadi 20. Mimi sikutaka kubishana na milimita. Nilimwaga mkanda mmoja unaopita chini ya nguzo zote mbili: urefu mita 4.5, upana mita 1.2, kina sentimita 30. Nondo za milimita 12, tabaka la chini na la juu. Uwiano moja, moja na nusu, tatu: saruji, mchanga, kokoto. Ni mita za ujazo 1.6 na kidogo, zikala mifuko 13 ya saruji ya 42.5. Fundi alitaka kuongeza maji ili zege "liteleze". Nilikaa juu ya pipa la maji mpaka wakamaliza.

Kabla ya kumwaga nilichora mahali bolti zitakapokaa, nikazisogeza nondo zipishe. Usipofanya hivyo drili itakuja kugonga chuma katikati ya tundu, na tundu la lifti huwezi kulihamisha unavyotaka, kwa sababu kitako cha nguzo kimeshatobolewa kiwandani.

Kumwagilia ndiko watu wanakokwepa. Upepo wetu wa kiangazi unakausha zege juu kabla chini hakujashika vizuri, matokeo yake ni nyufa za juujuu na uso unaomomonyoka vumbi. Nilifunika magunia, juu ya magunia nailoni, maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Halafu nikaacha mpaka siku 28 ziishe ndipo drili ikaingia. Yule wa kufunga mashine alitaka kutoboa wiki ya pili, eti zege limeshakuwa jeupe. Nilimpa soda akaondoka.

Paa. Nguzo zangu ni za aina fupi, zina mita 2.8 hivi, na nyaya na hosi zinapita chini kwenye bati la sakafuni. Zipo ndefu ambazo nyaya zinapita juu, hizo zinagusa mita 3.6 au 3.7 na chini panabaki wazi, hakuna kujikwaa na toroli la jeki linapita. Lakini msihesabu urefu wa nguzo tu. Prado ina karibu mita 1.9, ukiinyanyua mita 1.8 paa lake liko mita 3.7 kutoka chini. Gereji ya kawaida yenye kenchi za mita 2.7 gari litapanda mpaka kiunoni kwako, basi, utakuwa umenunua jeki ya bei kubwa. Ndiyo maana nilijenga banda jipya, mita 4.2 chini ya kenchi.

Chakula kimeiva, nakuja na bolti baadaye.

KijanaWaKizota

Naweka kigoda mbele kabisa.

Mwananzengo

Mkuu umetisha. Ila bei bwana, hata ya makadirio.

Spana17

Bei inategemea dola ya siku hiyo na kama unaleta mwenyewe au unachukua Dar kwa muuzaji. Njoo chemba, kwenye ujumbe wa faragha.

NjiaYaKondoa

Chemba ipi, ya humu au hii wilaya ya kwetu? Maana ya kwetu nauli ipo.

Spana17

😂😂 Ya humu mkuu.

Kwa wanaoleta wenyewe: kreti ina kilo 600 mpaka 700, nguzo zimelaliana, inakuja kwenye kontena la kuchangia. Kwenye makaratasi ya forodha lifti za gereji zipo namba 8425.41, mwambieni wakala aangalie ushuru wa namba hiyohiyo asije akaiweka kwenye kapu la "mashine nyinginezo". VAT ni asilimia 18 kama kawaida. Na pangeni usafiri wa Dar hadi huku mapema, kreti hiyo haiingii kwenye buti ya basi.

MzeeWaShimo

Vijana mnapenda mambo makubwa. Mimi nimetengeneza magari ya watu tangu Peugeot 404 zinatamba, shimo langu ni la tofali za kuchoma na ngazi ya mbao. Halili umeme, halidondoki, halihitaji mhandisi. Hiyo hela ya lifti ungenunua shamba Kongwa ukalima alizeti.

Spana17

Shikamoo mzee wangu. Shimo kwa kumwaga oili na kukaza bolti halina ubaya, silipingi. Ila shimo halikupi magurudumu yakining'inia. Nikitaka kubadilisha shokapu, busha za mkono wa chini, haabu, inabidi bado nipige jeki juu ya shimo, na hapo ndipo roho inakuwa mkononi.

Halafu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa shimoni. Mtu anafungua paipu ya mafuta, mwenzake anashusha taa ya balbu yenye waya uliochubuka. Hayo mzee unayajua kuliko mimi.

MzeeWaShimo

Marahaba. Nayajua, ndiyo maana shimoni kwangu hakuingii mtu na kiberiti wala simu. Lakini nitakuuliza swali moja: umeme ukikatika gari likiwa juu?

Spana17

Swali zuri sana, nalijibu kwenye sehemu ya umeme. Jibu lake si zuri kama nilivyotaka.

ZegeNaNondo

Mleta uzi umepiga penyewe kwenye sakafu. Mimi kazi yangu ni majengo, acha niwape hesabu ya haraka muone kwa nini.

Chukua gari la tani mbili. Kila nguzo inabeba tani moja. Lakini hiyo tani moja haiko juu ya nguzo, iko kwenye ncha ya mkono, sentimita 75 au 80 kutoka kwenye nguzo kwenda ndani. Kwa hiyo nguzo inataka kulala kuelekea kwenye gari. Kinachoizuia ni bolti za upande wa nje, ambazo zinavutwa kwenda juu. Kitako kikiwa na upana wa sentimita 40, nyenzo ya sentimita 80 dhidi ya 40 inakupa mara mbili: bolti za nje za nguzo moja zinang'olewa kwa nguvu inayokaribia tani mbili. Gari zima zima linavuta bolti mbili tatu kutoka ardhini! Na hapo gari limetulia, hakuna mtu anayevuta spana kwa nguvu zake zote kwenye nati iliyoshika kutu.

Bolti hizo, zikifungwa vizuri, mara nyingi hazing'oki zenyewe tu. Zinang'oka na koni ya zege, yaani kipande cha zege chenye umbo la koni kinachozizunguka. Zege jembamba, koni ndogo. Zege karibu na ukingo au ufa, koni nusu. Ndiyo maana vitabu vinasema usiweke bolti karibu na ukingo au kiungo cha jamvi, sentimita 15 kwenda mbele, na ukiweza zaidi, bora zaidi.

Kingine: kuna mtu atakuja hapa kuuliza kama anaweza kumwaga inchi tatu nyingine juu ya jamvi la zamani. Hapana. Tabaka jipya juu ya la zamani yanabaki matabaka mawili, bolti itashika la juu tu.

Mwananzengo

Nilikuwa ndiyo naandika hilo swali 🙈

BintiMsalato

Na mwenye vigae je? Gereji yangu ina vigae, nisingependa kuvitoa.

ZegeNaNondo

Dada, vitoe pale nguzo zinapokaa. Chini ya kigae kuna gundi, na mara nyingi kuna uwazi. Kitako kikikazwa, kigae kinasagika taratibu, bolti inalegea, na wewe hujui.

Spana17

Haya, bolti.

Za kwangu ni za kutanuka, zile ambazo ukizikaza zinajibana ndani ya tundu, unene robo tatu ya inchi, tano kila nguzo. Tundu lake ni robo tatu ileile, si zaidi hata kidogo. Kwanza nilichora mstari wa katikati ya banda, nikasimamisha nguzo, nikapima mshazari: kona ya kitako hiki mpaka kona ya mbali ya kitako kile, na kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, vitako vimekaa sawasawa. Kusimamisha nguzo nilitumia chenibloku kwenye kenchi ya muda ya mabomba, maana moja ina kilo zaidi ya mia mbili na vijana wanne wakiishika kila mmoja anafikiri mwenzake ndiye mwenye nguvu.

Drili ya nyundo inasimama wima kabisa. Vumbi la zege linabaki ndani ya tundu kama unga wa sembe, na usipolitoa bolti inashika unga. Nilitumia pampu ya baiskeli yenye kipande cha mrija mwembamba unaofika chini ya tundu, pampu, brashi ya chupa, pampu tena, mpaka hakitoki kitu. Vaeni miwani, lile vumbi linarudi usoni.

Baada ya hapo timazi. Pimamaji inatosha kwa ukuta, kwa nguzo ya lifti ninaamini timazi. Tatizo la Nzuguni ni upepo: uzi unacheza huku na huku huwezi kusoma chochote. Dawa yake, tumbukiza risasi ya timazi kwenye kopo la oili chafu. Inatulia hapohapo, unapima umbali wa uzi na nguzo juu na chini. Pasipolingana unaweka shimu, vipande vyembamba vya chuma, chini ya kitako, pembeni ya bolti. Kitabu changu kinaruhusu shimu zisizozidi nusu inchi. Ukihitaji zaidi ya hapo sakafu yako imeinama, usiilazimishe.

Mwisho spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (nyutoni mita). Kitabu changu kinataka Nm 150, someni cha kwenu. Na hapa ndipo zege linapotoa ushahidi: bolti ikizunguka haifiki kipimo, au inafika huku inapanda juu kidogo kidogo, zege halifai. Usiweke nati ya pili, usimwage gundi. Zege halifai. Baada ya wiki nilirudia kukaza zote, sasa hivi nazipitia kila mwezi.

FundiBubu

Spana ya toki ni mambo ya kitabuni mkuu. Mkono wa fundi unajua.

ZegeNaNondo

Mkono wa fundi unajua kukaza. Haujui ni Nm 90 au 150. Jioni ukiwa umechoka ni 90, asubuhi umetoka kunywa supu ni 200.

FundiBubu

Hahaha sawa, hapo kwenye supu nimekubali.

Volti230

Nipo kwenye fani ya umeme, natia neno.

Mota nyingi za lifti hizi ni kilowati 2.2. Zipo za njia moja (single phase) na za njia tatu (three phase). Nyumbani wengi tuna njia moja, kwa hiyo hakikisha unaagiza ya volti 220 hadi 240, hazi 50. Ikitembea inavuta ampea 14 au 15, lakini ile sekunde ya kuwaka inaruka mara kadhaa ya hapo. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi: kebo ya milimita za mraba 4, breka ya ampea 25 au 32, na waya wa ardhi unaofika ardhini kwelikweli. Msichomeke kwenye soketi ya pasi.

Kinachoua mota huku kwetu ni volti ndogo ya saa mbili usiku, kila mtu amewasha jiko, hita na pampu ya kisima. Mota inaguna, haizunguki, koili inaungua. Pima volti kwenye soketi muda huo kabla ya kununua mashine. Ikishuka chini ya 200, nyanyueni gari mchana.

Kuhusu LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, msiogope. Kupandisha gari ni kama dakika moja. Yunti moja inapandisha karibu mara 20.

Na wale wa mitumba: lifti iliyotoka Japani mara nyingi ni njia tatu za volti 200. Njia tatu zetu ni 400. Ukiunganisha moja kwa moja utaona moshi kabla hujaona gari likipanda. Iliyotoka Marekani ni hazi 60, kwetu itazunguka polepole zaidi na kupata joto. Mara nyingi ni nafuu kununua mota mpya.

MzeeWaShimo

Bado nasubiri jibu langu.

Spana17

Mzee, jibu hili hapa, na nyote lisomeni vizuri.

Kushusha hakutumii umeme. Unafungua vali, gari linashuka kwa uzito wake. Wauzaji wanaishia hapo. Ila gari likiwa juu huliachi limebebwa na mafuta, unalishusha kidogo likae kwenye loki, yale meno ya chuma ndani ya nguzo. Ili litoke kwenye loki ni lazima kwanza lipande sentimita chache, ndipo loki zifunguke. Na kupanda kunataka pampu, pampu inataka umeme. Kwa hiyo umeme ukikatika gari likiwa kwenye loki, litakaa huko huko mpaka urudi.

Limenipata. Jumapili asubuhi, gari la kanisani liko juu, mke wangu amevaa, ananitazama. Nilipiga simu ya bajaji.

Suluhisho ni jenereta. Kwa mota ya kilowati 2.2 msijidanganye na vijenereta vya taa, kwa sababu ya ule mruko wa kuwaka aliousema Volti230 mnahitaji kVA 6 au 7. Au uliza kama mashine yako ina pampu ya mkono ya dharura, zipo.

MzeeWaShimo

Ndiyo maana nikasema shimo. Gari liko chini, unawasha, unaondoka kanisani.

DadaGereji

Habari zenu. Mimi naendesha gereji, lifti tunazo mbili, na nimewafundisha vijana wengi wa mafunzo kwa vitendo kuzitumia. Mmeongea zege na umeme vizuri, hamjagusa mahali mikono inapokaa, na huko ndiko magari yanakoanguka sakafu ikiwa nzuri kabisa.

Gari lisilo na chasisi, IST, Noah, Harrier, lina sehemu nne za kunyanyulia pembeni chini ya milango, zina vijikato vya kuzionyesha. Padi, vile vikalio vya kwenye ncha za mikono, zikae hapo. Si kwenye sakafu ya gari, si kwenye plastiki ya pembeni, si juu ya paipu ya breki. Gari la chasisi padi zikae kwenye chasisi, na kwa Land Cruiser na Hilux mtahitaji vile vikombe vya kuongezea urefu, la sivyo mkono unagusa bodi kabla padi haijagusa chasisi.

Nyanyua mpaka magurudumu yaachie ardhi kiganja kimoja. Simama. Zunguka, angalia padi zote nne. Tikisa bampa la mbele na la nyuma, tikisa kama una hasira nalo. Kama lina nia ya kuanguka lianguke hapo. Likitulia ndipo liende juu. Ukifika, sikiliza loki: kushoto na kulia zilie pamoja. Upande mmoja ukitangulia, nyaya za kusawazisha zinahitaji kukazwa, acha kazi, kaza nyaya. Halafu lishushe likae kwenye loki, kama alivyosema kaka.

Na ukitoa kitu kizito, giaboksi, injini, difu ya nyuma, kumbuka mizani imebadilika. Unashusha injini, mkia wa gari unakuwa mzito, unainama. Weka stendi ndefu upande utakaobaki mzito kabla hujafungua bolti ya mwisho.

Kaka Spana, za kwako ni nguzo zinazotazamana au zilizogeuzwa?

Spana17

Asante sana dada, hii ingebidi iwe juu kabisa ya uzi.

Zangu zimegeuzwa kidogo, mikono ya mbele mifupi, ya nyuma mirefu. Gari linakaa limerudi nyuma na mlango unafunguka bila kugonga nguzo. Kwa magari madogo nimezipenda.

DadaGereji

Sawa kwa nyumbani. Ila anayetaka kunyanyua pikapu ndefu au gari lenye mzigo nyuma achukue zinazotazamana. Na Canter yenye tenki la maji msiilete kabisa.

BintiMsalato

Dada, na vibali? Nikiweka nyumbani jiji watanisumbua?

DadaGereji

Banda jipya linataka kibali cha ujenzi kutoka halmashauri ya jiji kama ujenzi mwingine wowote. Lifti ya kutengenezea gari lako ni jambo moja, ukianza kupokea wateja ni jingine: leseni ya biashara, matumizi ya kiwanja, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wanakagua vifaa vya kunyanyulia mahali pa kazi. Sisi tunakaguliwa. Na mwajiri ambaye kijana wake ameumia chini ya lifti isiyokaguliwa hana pa kujitetea.

NjiaYaKondoa

Na matetemeko? Sisi wa pembeni ya Bonde la Ufa mara moja moja vitanda vinacheza.

ZegeNaNondo

Kwa ile mitikisiko midogo tuliyoizoea, gari lililokaa kwenye loki na padi zikiwa mahali pake lina nafasi nzuri. Lililobebwa na mafuta, padi zimekaa upandeupande, hapo ni bahati. Kwa usalama tu, gari lisilale juu usiku kama hakuna sababu. Na ukihisi ardhi inatikisika, toka chini ya gari kwanza, mambo ya kuliokoa baadaye.

KijanaWaKizota

Vumbi je? Huku Kizota ukifungua mlango ni unga mtupu.

Spana17

Vumbi linapenda grisi. Njia za slaidi ndani ya nguzo nazifuta kabla ya kupaka grisi mpya, kuongeza grisi juu ya vumbi ni kutengeneza msasa. Nyaya nazipitisha kitambaa chenye oili: kitambaa kikinasa, kuna uzi wa chuma umekatika, waya huo unabadilishwa. Tumieni kitambaa, si kiganja. Tenki la mafuta ya haidroliki linabeba lita kumi na kitu, namba 32 au 46, na kifuniko chake mimi nimekifunga soksi safi juu. Mke wangu bado anaitafuta ya pili.

Mwananzengo

Wakuu nimerudi. Nimeshawishika kupima jamvi langu kabla ya kuongea na wakala. Napimaje bila kubomoa?

Spana17

Toboa tundu moja dogo pale nguzo itakapokaa mpaka drili izame kwenye udongo. Chukua waya mgumu, kunja ncha kama ndoano ndogo, ingiza, vuta juu mpaka ndoano ishike chini ya zege. Weka alama usawa wa sakafu, toa, pima. Fanya hivyo pande zote mbili, jamvi la fundi haliwi na unene mmoja.

Mwananzengo

Nimepima. Kushoto inchi tatu kasoro. Kulia inchi mbili.

ZegeNaNondo

Vunja.

Mwananzengo

Lote??

ZegeNaNondo

Hapana. Chora mkanda wa nguzo zako, kata mipaka kwa grainda yenye diski ya zege ili ufa usitambae kwenye sakafu nyingine, ndipo uvunje ndani ya mkanda. Chimba, shindilia, panga nondo, mwaga kama alivyoeleza mleta uzi. Kabla ya kumwaga piga picha ya udongo uliopo chini uiweke hapa. Kama ni mweusi, usinunue saruji bado.

Mwananzengo

Jumamosi naanza kukata. Spana17, grainda ninayo, ila spana ya toki sina.

Spana17

Ya kwangu ipo. Zege likitimiza siku 28 njoo uichukue, siyo kabla.